Kiungo, Ndoa na Utu: Tiba ya Nguvu za Kiume Baada ya Jeraha Katika Mizani ya Dini na Falsafa

Mwanamume anapojeruhiwa sehemu za siri, iwe kwa ajali ya barabarani, kwa kisu cha jando kilichokwenda vibaya, kwa vita au kwa mateso, na baadaye akajikuta hawezi tena kutimiza tendo la ndoa, hukabiliwa na maswali mawili ambayo mara nyingi husikika kama swali moja. La kwanza ni la tabibu, naye huuliza ni kitu gani kilichoharibika mwilini na kinaweza kurekebishwa vipi. La pili ni la dini na falsafa, nalo huuliza mtu huyu amepungukiwa na nini hasa, na tiba anayoitafuta inamrudishia nini. Swali hili la pili lina uzito wake, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua kama kutibiwa ni wajibu au ni anasa, kama mke ana haki ya kulalamika au hana, kama ndoa inasimama au inavunjika, na aishi vipi yule ambaye tiba haikumfaa.

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba viko vitu vitatu ambavyo mazungumzo ya mitaani huvichanganya na ambavyo lazima vitenganishwe: kiungo chenyewe, kazi ya kiungo hicho, na mtu mwenye kiungo. Jeraha huweza kuharibu cha kwanza na huweza kuondoa cha pili, lakini halina uwezo wa kukifikia cha tatu. Anayevichanganya huangukia katika kosa moja kati ya mawili: ama humwona aliyeumia kuwa si mwanamume tena, ama, kwa nia njema ya kumfariji, humwambia kwamba mwili si kitu na asihangaike nao. Makosa yote mawili hufunga mlango wa tiba, la kwanza kwa aibu, la pili kwa kulidharau jambo ambalo dini zenyewe hazikulidharau hata siku moja.

Jeraha na utaratibu wa mwili

Hukumu nyingi za kale juu ya jambo hili zilijengwa juu ya elimu ya tiba ya zama zake, na kwa hiyo haziwezi kupimwa vyema bila kueleweka kwanza jinsi mwili unavyofanya kazi. Uume wa mwanadamu hauna mfupa, nao husimama kwa nguvu ya damu peke yake. Ndani yake mna mihimili miwili ya nyama yenye vijishimo vingi, iliyofunikwa na ganda gumu ambalo wataalamu huliita tunika albuginea. Ujumbe unapotoka katika ubongo na uti wa mgongo, hupita katika neva nyembamba, yaani mishipa ya fahamu, zinazoambaa kando ya tezi dume, na neva hizo hutoa oksaidi ya nitriki, gesi inayolegeza misuli ya kuta za mishipa ya damu. Damu huingia kwa wingi, mihimili hujaa, na mishipa inayoitoa damu hiyo hubanwa kwenye ganda lile gumu hata damu ikawa haina pa kutokea. Elimu hii si ya kale. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa ugunduzi wao kuhusu oksaidi ya nitriki katika mishipa ya damu, na mwaka huohuo dawa ya sildenafili, inayorefusha athari ya gesi hiyo katika uume, iliidhinishwa nchini Marekani.

Jeraha huweza kuuvunja utaratibu huo mahali popote. Mpanda bodaboda aliyevunjika mifupa ya nyonga huweza kukatika mrija wa mkojo pamoja na kuumia neva na ateri zinazopita papo hapo, na anayeangukia fremu ya baiskeli au ukingo wa ukuta, mguu huku na mguu huku, huweza kuiharibu ateri inayopeleka damu mbele. Uume uliosimama nao, ukipindwa kwa nguvu, huchanika ganda lake, na hali hiyo madaktari huiita kuvunjika kwa uume: husikika mlio, uume hulegea ghafla, kisha huvimba na kuwa mweusi kwa damu iliyovilia chini ya ngozi. Jeraha la namna hii ni la dharura. Likishonwa mapema, hasa katika saa 24 za mwanzo, wengi hurudia hali yao, bali likifichwa kwa sababu ya haya, kovu hupindisha uume na uwezo huweza kupotea kabisa.

Kwa yule ambaye muda wa dharura umekwisha kupita, tiba huenda kwa ngazi. Daktari huanza kwa kuuliza kama uume husimama usingizini au alfajiri, kwa sababu mwenye kusimamisha usingizini na kushindwa mbele ya mkewe ana neva na mishipa inayofanya kazi, na kinachomzuia huenda ni hofu iliyoachwa na jeraha. Asiyesimamisha kabisa hupimwa mtiririko wa damu kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Neva zilizobanwa au kuchubuka bila kukatika huweza kuchukua mwaka mmoja hata miwili kurejea, na katika kipindi hicho mgonjwa husaidiwa kwa vidonge, ambavyo havipewi mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati kwa kuwa shinikizo la damu huweza kushuka kwa hatari; au kwa pampu ya kuvuta damu; au kwa sindano ya dawa inayochomwa ubavuni mwa uume, kwa sharti kwamba uume ukisimama zaidi ya saa nne mgonjwa akimbizwe hospitali. Kijana ambaye ateri yake moja imeziba kwa jeraha, na hana ugonjwa mwingine wa mishipa, huweza kufanyiwa upasuaji wa kuunganisha njia mpya ya damu. Yote hayo yakishindikana, liko pandikizi la kujaza maji, lililoanza kuelezwa na wapasuaji wa Marekani mwaka 1973: silinda mbili huwekwa ndani ya uume, kibofu kidogo cha maji huwekwa nyuma ya misuli ya tumbo, na pampu ndogo hukaa katika mfuko wa korodani, ambapo mwenyewe huibonyeza kwa vidole anapotaka.

Ngazi hizi zinafaa kujulikana kwa sababu nyingine pia. Aliyeumia, kabla ya kufika hospitali, mara nyingi huwa amekwisha pita kwenye supu ya pweza ya jioni na vumbi la Kongo linalouzwa kwa kificho, akitarajia kwamba nguvu iliyopotea itarudishwa kwa chakula au unga. Hakuna supu inayoshona ganda lililochanika, wala unga unaofungua ateri iliyoziba, na kila wiki inayopotea katika kutafuta hivyo hupunguza nafasi ya kupona. Wanaomcheka mtu huyu wakae wakijua kwamba kicheko chao ndicho kilichompeleka huko.

Torati, manabii na mtaguso

Maandiko ya Kiyahudi yanalianza jambo hili kwa ukali. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, kinamzuia aliyepondwa makende au kukatwa uume asiingie katika mkutano wa Bwana, na Mambo ya Walawi, sura ya 21, kinamhesabu mwenye makende yaliyovunjika miongoni mwa makuhani wasioweza kukaribia madhabahu. Msomaji anayeishia hapo atadhani kwamba jeraha la kiungo limemfukuza mtu mzima mbele ya Mungu. Lakini marabi walioijadili aya hiyo katika Talmudi, katika sehemu iitwayo Yevamoti, walitenganisha aliyeharibiwa kwa mkono wa wanadamu na yule ambaye hali yake imetoka mbinguni, kama aliyezaliwa nayo, wakamruhusu huyu wa pili kuoa ndani ya jumuiya. Utenganisho huo unaonyesha kwamba kwao ukosefu wa kiungo peke yake haukuwa sababu ya kumtenga mtu, na wako wafasiri walioielewa sheria hiyo kuwa inapiga vita desturi ya kuhasi iliyokuwa imeenea katika mahekalu na majumba ya wafalme wa mataifa jirani.

Nabii Isaya, katika sura ya 56, anakwenda mbali zaidi, kwa kuwa anamtaja towashi kwa jina la hali yake, anamkataza kujiita mti mkavu, na anamwahidi ndani ya nyumba ya Mungu kumbukumbu iliyo bora kuliko wana na binti. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliifanya roho hiyo kuwa kanuni ya kisheria, kwa kuwa kanuni yake ya kwanza kabisa inasema kwamba aliyekatwa na matabibu kwa ajili ya ugonjwa, au aliyehasiwa na maadui, na abaki katika ukasisi, lakini aliyejikata mwenyewe akiwa mzima aache huduma. Kosa liko katika tendo la hiari la kuuharibu mwili, na aliyeharibiwa mwili wake na wengine hana lawama. Mtu na jeraha lake, katika kanuni hiyo, ni vitu viwili.

Kanisa Katoliki na neno la kudumu

Sheria ya ndoa ya Kanisa Katoliki inaligusa suala la kazi ya kiungo waziwazi. Kanuni ya 1084 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inasema kwamba kutoweza kufanya tendo la ndoa, kukiwa kumetangulia ndoa na kukiwa ni kwa kudumu, huibatilisha ndoa kwa asili yake yenyewe, iwe upungufu huo uko kwa mume au kwa mke. Kanuni hiyohiyo inaongeza mambo mawili ambayo mara nyingi husahauliwa: kwamba penye shaka, ndoa haizuiwi wala haitangazwi kuwa batili maadamu shaka ipo, na kwamba utasa, yaani kukosa uwezo wa kuzaa, haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Mwaka 1977 Idara ya Mafundisho ya Imani ya Roma ilikuwa imekwisha toa tamko kwamba si sharti manii iwe imetoka katika korodani ili tendo lihesabiwe kuwa tendo la ndoa, na kwa tamko hilo mwanamume aliyepoteza korodani zake ajalini, lakini uume wake unasimama, alifunguliwa mlango ambao tafsiri ya barua ya Papa Sixtus wa Tano ya mwaka 1587 kuhusu matowashi ilikuwa imeufunga kwa karne nyingi.

Mzigo wote wa kanuni hii umebebwa na sifa mbili, kutangulia na kudumu. Jeraha lililompata mume baada ya ndoa haliigusi ndoa hiyo kabisa, kwa kuwa halikuitangulia. Na kwa aliyeumia kabla ya kuoa, wanasheria wa Kanisa huieleza hali ya kudumu kuwa ni ile isiyoweza kuondolewa kwa njia halali isiyohatarisha uhai. Maana yake ni kwamba kila tiba mpya iliyo salama huhamisha mpaka wa kanuni bila ya neno lake hata moja kubadilika: kijana aliyevunjika nyonga mwaka 1950 pengine alikuwa na kizuizi cha kudumu, na mwenzake mwenye jeraha lilelile leo huenda hana kizuizi chochote. Paroko anayemkatia tamaa kijana kama huyo kabla ya daktari kusema neno lake anatoa hukumu ambayo kanuni yenyewe haikumpa mamlaka ya kuitoa.

Fiqhi na tumaini kama kipengele cha sheria

Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako madhehebu ya Shafi ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi, suala hili limejadiliwa katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, kwa undani usioonewa haya. Wanazuoni hutofautisha innini, ambaye uume wake upo lakini hausimami, na majbubu, ambaye uume wake umekatwa. Kwa innini ambaye hajapata kumwingilia mke wake, kadhi humpa muda wa mwaka mmoja, hukumu inayopokewa kutoka kwa Khalifa Umar bin al-Khattab, na mwaka ukipita bila mabadiliko mke hupewa hiari ya kuvunja ndoa. Sababu ya mwaka huo imeelezwa wazi na wanazuoni: majira yote manne yapite, ili kama udhaifu umetokana na baridi, joto, ukavu au unyevunyevu, ujulikane kwa kuondoka katika msimu unaoupinga. Sheria, basi, ilizungumza na tiba ya zama zake na kuipa nafasi ndani ya hukumu.

Lakini hali inayohusika hasa na makala haya ni ya mume aliyekuwa mzima, akaishi na mkewe, kisha akaumia. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anasema katika Minhaji, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani wamekisoma, kwamba ikitokea kasoro kwa mume baada ya ndoa mke hupata hiari, isipokuwa unana, yaani uhanithi wa innini, uliotokea baada ya kuingiliana. Kwa mujibu wa msimamo huu, mume aliyekatwa uume hata baada ya miaka ya ndoa humpa mke hiari ya kuvunja, lakini mume ambaye uume wake upo na umeacha kusimama hampi hiari hiyo. Washarehe, yaani wafafanuzi wa kitabu hicho, wakieleza tofauti hiyo wanasema kwamba katika hali ya pili mke amekwisha kujua uwezo wa mumewe na kupata haki yake, na juu ya hayo udhaifu wenyewe unatarajiwa kuondoka, ilhali aliyekatwa hakuna linalotarajiwa kwake.

Hapa tumaini si faraja ya msikitini tu, bali ni sababu ya kisheria inayoshikilia ndoa. Na kama tumaini ndilo linaloshikilia ndoa, basi mume anayekataa tiba analivunja jambo lilelile linalomfunga mkewe kwake. Haiwezi kuwa haki kwamba mke asubiri kwa sababu kupona kunatarajiwa, huku mume akikaa bila kwenda hospitali kwa sababu anaona haya kuvua nguo mbele ya daktari. Mtume Muhammad, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwa njia ya Usama bin Sharik, aliwaamrisha watu watafute tiba kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Wanazuoni wa zamani wengi waliihesabu amri hiyo kuwa ni ya kupendekezwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, lilieleza kwamba tiba huwa wajibu pale ambapo kuiacha kutaleta kupotea kwa nafsi, kuharibika kwa kiungo au ulemavu. Uume uliovunjika usiku na kusubiri wiki nzima ni mfano halisi wa hali hiyo. Ama haya ya utupu, kanuni ya fiqhi inajulikana na kila mwanafunzi wa chuoni: dharura huhalalisha lililokatazwa, kwa kadiri yake, na jicho la mganga katika kutibu ni miongoni mwa mifano ya kwanza inayotolewa.

Kwamba mke naye ana la kusema, hilo limo katika hadithi ya Bukhari na Muslim juu ya mwanamke aliyeachwa na Rifaa, akaolewa na mume mwingine, kisha akaja kulalamika mbele ya Mtume kwamba alichonacho mume huyo hakimfai kitu. Khalid bin Said, aliyekuwa mlangoni akingoja ruhusa ya kuingia, alimwita Abu Bakari amnyamazishe kwa kuyasema mambo hayo hadharani. Mtume hakuzidisha juu ya kutabasamu, kisha akamjibu hukumu yake. Malalamiko yalipokewa kama malalamiko ya haki. Paulo naye, katika sura ya 7 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anaeleza kwamba mume na mke wana deni kila mmoja kwa mwenzake, wala hakuna anayemiliki mwili wake peke yake. Kwa hiyo mke akae katika chumba cha daktari na asikie yanayosemwa, kwa kuwa uchaguzi kati ya sindano, pampu na pandikizi ni uchaguzi wa watu wawili. Na mke ambaye subira yake imefika mwisho ana mlango wa khului, yaani kuvunja ndoa kwa kurudisha mahari, na madhehebu ya Maliki yanampa mlango wa kutenganishwa na kadhi kwa sababu ya madhara.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba sheria hii iliweza kutenganisha kiungo, kazi na mtu umo katika mlango wa diya, yaani fidia ya jeraha. Minhaji inaweka diya kamili, sawa na diya ya uhai wa mtu, kwa atakayemkata mwanamume uume, hata kama aliyekatwa ni mtoto, mzee au innini. Na mahali pengine inaweka diya kamili kwa atakayempiga mtu hata uwezo wake wa kuingiliana ukaondoka. Kiungo kisichofanya kazi kina thamani kamili, na kazi nayo ina thamani yake kamili. Pamoja na hayo yote, hakuna sharti la ushahidi, la kuongoza sala au la kumwozesha binti linalomwondoa mtu kwa kuwa amepoteza kimojawapo. Utu wake haukuingizwa katika hesabu, kwa kuwa haukuwa kitu kilichoharibiwa.

Mlango huo wa diya unakumbusha pia kwamba si kila jeraha hutibiwa kwa dawa peke yake. Miongoni mwa mateso waliyofanyiwa wafungwa wa enzi ya Mau Mau nchini Kenya katika miaka ya 1950 ilikuwa ni kuhasiwa, na ni Juni 2013 tu ndipo serikali ya Uingereza ilipoeleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 katika shauri la Wakenya 5,228. Fedha hazikurudisha kilichokatwa. Zilikiri kwamba waliofanyiwa hivyo walidhulumiwa, na kwamba aibu ya tendo lile ni ya waliolitenda.

Mpaka wa tiba

Iwapo tiba ni wajibu au ni jema, mpaka wake uko wapi? Swali hili lilikuja kwa nguvu pale wapasuaji walipoanza kupandikiza uume wa marehemu. Mwaka 2006, huko Guangzhou nchini China, mwanamume aliyepoteza uume kwa ajali alipandikizwa wa mtu mwingine, lakini baada ya wiki mbili ukatolewa kwa sababu yeye na mkewe hawakuweza kuupokea moyoni. Tarehe 11 Desemba 2014, katika Hospitali ya Tygerberg nchini Afrika Kusini, timu ya Chuo Kikuu cha Stellenbosch iliyoongozwa na André van der Merwe ilifanya upasuaji wa saa tisa kwa kijana wa miaka 21 aliyeharibika kwa tohara ya jando, na uume huo ukapona na kufanya kazi. Machi 2018, huko Baltimore, hospitali ya Johns Hopkins ilimpandikiza mwanajeshi aliyelipukiwa na bomu Afghanistan uume, mfuko wa korodani na sehemu ya ukuta wa tumbo, lakini iliacha kwa makusudi korodani zenyewe, kwa kuwa mbegu ambazo zingetoka humo zingekuwa za marehemu, na watoto wangekuwa wake.

Uamuzi huo wa Baltimore unakutana na uamuzi wa Baraza la Fiqhi wa mwaka 1990, uliokataza kupandikiza korodani na ovari kwa sababu hubeba urithi wa asiyekuwa mume au mke hata baada ya kuhamishwa. Baraza hilo liliruhusu kwa dharura viungo vingine vya uzazi visivyobeba urithi, lakini likauondoa katika ruhusa hiyo utupu mzito, yaani sehemu za siri zenyewe, na uume umo humo. Kwa sababu hiyo, Mwislamu anayefuata uamuzi huo hana njia ya pandikizi la kiungo cha marehemu, ingawa pandikizi la silikoni, ambalo si kiungo cha mtu yeyote, haliguswi na katazo hilo. Hoja ya nasaba ina nguvu kwa kila mwenye akili, awe na dini au asiwe nayo, kwa kuwa mtoto ana haki ya kujua ametoka kwa nani. Hoja ya utupu mzito ni ya heshima ya maiti na ya mwili wa binadamu, na kisa cha Guangzhou kinaonyesha kwamba si hoja ya vitabuni tu: mwili unaweza kukipokea kile ambacho ndoa imekikataa. Tiba iliyofanikiwa kwa kipimo cha mpasuaji, lakini ikawatenga mume na mke, imetibu kiungo na kuiacha kazi yake bila ya pahali pa kufanyikia.

Kwa asiyepona

Wako ambao ngazi zote hizi hazitawafikisha, ama kwa ukubwa wa jeraha, ama kwa sababu pandikizi hugharimu kuliko mapato yao ya miaka. Kwao falsafa ina neno la kale. Epictetus, mwanafalsafa wa Kistoa aliyewahi kuwa mtumwa na ambaye inasimuliwa kuwa alikuwa kilema wa mguu, alifundisha kwamba kilema ni kizuizi cha mguu na si kizuizi cha nia, na kwamba mtu aseme hivyo kwa kila linalompata. Fundisho hilo linatoa nguvu kubwa, kwa kuwa linamrudishia aliyeumia sehemu yake ambayo hakuna ajali iliyoigusa: uwezo wa kuchagua, kupenda, kutimiza ahadi na kulea.

Hata hivyo fundisho hilo halitoshi. Mguu ni wa mtu mmoja, na mwenye mguu anaweza kuamua peke yake kwamba kilema hakimdhuru. Tendo la ndoa ni la wawili, na mume anayejitangazia kwamba halina maana kwake ameamua pia kwa niaba ya mtu ambaye hakumuuliza. Ndiyo maana subira inayofundishwa na dini si ya kimya. Ni subira ya mtu aliyetafuta tiba kwa kadiri ya uwezo wake, akamweleza mkewe ukweli bila ya kuuvika hasira, akakubali kwamba mkewe naye amepata msiba, na akabaki naye katika yale mengi ya ndoa ambayo kusimama kwa uume si sharti lake: mguso, mazungumzo ya usiku, kulala pamoja, kusaidiana na kutunziana siri. Anayenyamaza na kuhamia chumba cha pili hajasubiri bado, kwa kuwa amemwachia mwenzake mzigo wote wa kukisia.

Basi swali la mwanzo lina jibu. Aliyeumia amepungukiwa na kazi ya kiungo, na kazi hiyo ni amana ya ndoa yake. Tiba inarudisha amana hiyo, yote au sehemu yake, na kwa sababu hiyo ni jambo la heshima la kutafutwa mapema na waziwazi. Haimrudishii uanaume, kwa kuwa uanaume wake haukutoka. Kutokana na jibu hilo hutokea wajibu wa kila mmoja: aliyeumia aende hospitali siku ileile, mke ashirikishwe, jirani afunge mdomo wake, na kadhi, paroko au mchungaji, kabla ya kuandika kwamba upungufu wa mtu huyu ni wa kudumu, amwulize daktari wa leo, wala asitegemee elimu ya tiba iliyokuwako kitabu chake kilipoandikwa. Wanazuoni waliosubiri majira manne yapite walifanya hivyo kwa elimu waliyokuwa nayo, na anayewafuata kwa kweli hufuata uangalifu wao huo, akiupa elimu iliyopo sasa.